Lenzi za rangi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Maswali haya yameokotwa kaunta, kwenye WhatsApp na kwenye kiti cha kupimia macho hapa Dar es Salaam. Mengine yameulizwa na bibi harusi saa tano usiku, ndoa ikiwa kesho yake. Nimeyapanga kuanzia ya anayenunua mara ya kwanza hadi ya yule aliyekwama. Anayejibu ni mpima macho, si mpambaji, kwa hiyo ukiona nang'ang'ania usafi kuliko urembo, sababu ndiyo hiyo. Jibu moja likigusa jingine nimetaja namba ya swali.

## Kabla hujanunua

1. Lenzi ya rangi ni kitu gani hasa?

Ni kiwambo laini cha plastiki iliyofyonza maji, kinachoelea juu ya machozi mbele ya konea. Konea ni ile sehemu angavu kama kioo cha saa inayofunika duara la rangi la jicho. Kwenye lenzi rangi imechapwa kwa umbo la pete, na katikati pameachwa tundu lisilo na rangi ili mwanga uingie kwenye mboni.

Lenzi laini yenyewe ilitoka jikoni. Mkemia wa Prague, Otto Wichterle, alizitengeneza za kwanza nyumbani kwake wakati wa Krismasi mwaka 1961, kwa mashine aliyoiunga kwa vipande vya mchezo wa watoto na dinamo ya baiskeli. Rangi zilikuja baadaye.

Jambo moja la kushika tangu sasa: konea haina mishipa ya damu. Sehemu kubwa ya hewa yake huipata moja kwa moja kutoka nje, kupitia machozi. Lenzi yoyote, hata iliyo nzuri namna gani, ni shuka uliyomfunika mtu usoni. Shuka jepesi kwa saa chache halina neno. Blanketi usiku kucha ni habari nyingine.

2. Mimi naona vizuri, nataka urembo tu. Kwa nini nipimwe?

Kwa sababu kinachopimwa si kuona peke yake. Tunapima mpindo wa konea, maana macho hayalingani kama vile miguu isivyolingana. Lenzi iliyobana haitembei unapopepesa, machozi hayapiti chini yake, na jicho linakosa hewa. Iliyolegea huteleza na kukwaruza. Kisha tunaangalia kwa darubini kama konea ina kidonda, kama kope zina uvimbe, na kama machozi yanatosha.

Sheria za nchi nyingine zimelitambua hili. Marekani, tangu mwaka 2005, kila lenzi ya machoni huhesabiwa kifaa tiba, hata isiyo na namba, na hakuna anayeruhusiwa kuiuza bila cheti cha mpimaji. Hapa kwetu utaikuta imepangwa kabatini kati ya kucha za bandia na gundi ya kope.

3. Hakuna dawa ya matone ya kubadili rangi ya macho moja kwa moja?

Hakuna. Rangi ya jicho iko ndani, nyuma ya konea, na tone haliifikii kuiosha kama nguo. Asali na limau wanavyoonyeshana mtandaoni huunguza tu. Upasuaji wa kuweka rangi kwenye konea au kupachika kiwambo cha rangi ndani ya jicho upo, lakini madaktari wa macho wanauonya vikali: kiwambo cha ndani kimewaacha watu na shinikizo la jicho na wengine wamepoteza uoni. Lenzi angalau unaivua.

4. Nani asivae kabisa?

Mwenye macho yanayowasha kila msimu na kuyafikicha mpaka yanaiva. Mwenye macho makavu. Mwenye kidonda au maambukizi ambayo hayajapona. Na mwenye kisukari ambaye hajamwona daktari wa macho. Mjamzito anaweza kukuta lenzi aliyoizoea haimkai tena, kwa kuwa konea na machozi hubadilika kidogo. Asubiri mpaka ajifungue.

Naongeza kundi moja ambalo halimo vitabuni: mtu asiye na subira ya kunawa mikono kwa sabuni kila mara. Huyo avae miwani, atapendeza.

## Kuchagua

5. Macho yangu ni meusi tii. Nichukue rangi gani ionekane?

Kuna namna mbili za rangi. Ya kwanza ni nyepesi, inapitisha mwanga, na kazi yake ni kukoleza rangi uliyonayo. Hiyo ilikusudiwa macho ya buluu na kijivu; kwenye jicho la kahawia iliyokolea inazama kama sukari kwenye chai. Ya pili ni nzito, imechapwa kwa vidoti na mistari midogo inayoziba rangi yako ya asili. Sisi wengi tunahitaji hii ya pili, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa neno "lenzi za rangi" tu. Uliza kama inaziba.

Usichague kwa picha ya mtandaoni. Picha ile imepigwa mbele ya taa ya duara, mara nyingi kwenye jicho la rangi tofauti na lako, na imerekebishwa. Rangi unayoiona wewe itachanganyika na kahawia yako inayochungulia kati ya vidoti. Kwa jicho jeusi, rangi ya asali, kahawia hafifu, na ile waliyoiandika Hazel, yaani kahawia iliyochanganyika na kijani, hukaa kana kwamba umezaliwa nayo. Kijivu huonekana kwa mbali na hupendeza pichani. Buluu kali huonekana hivyo hivyo: buluu kali. Kama unataka watu wajue umevaa, sawa, kama unataka waulize "mbona leo umebadilika?" bila kujua kwa nini, chukua asali.

Angalia pia ukingo. Lenzi yenye duara jeusi pembeni huyafanya macho yaonekane makubwa, na zenye rangi mbili au tatu zilizofifiana hudanganya vizuri zaidi kuliko rangi moja iliyopakwa bapa. Ukishaivaa, toka nje ya duka ujitazame juani, kwa sababu taa za dukani hazisemi kweli. Ila usikubali lenzi ya majaribio ambayo wengine wameijaribu (swali la 20).

6. Herufi kwenye pakiti zina maana gani?

BC ni mpindo wa lenzi kwa milimita. Lenzi laini nyingi ziko kati ya 8.3 na 8.9, na 8.6 ndiyo utakayokutana nayo sana. DIA ni upana wake wote, kwa kawaida 14.0 hadi 14.5. PWR ni namba, 0.00 ni isiyo na namba. EXP ni mwisho wa matumizi kabla ya kufunguliwa. LOT ni namba ya toleo, itakayosaidia ikiwa mtengenezaji atazirudisha kiwandani.

Pakiti isiyo na BC usiinunue. Na maneno "saizi moja inamfaa kila mtu" yaache kwenye soksi.

7. Za siku, za mwezi, za mwaka: ipi nafuu?

Ya mwaka ndiyo rahisi kwa hesabu ya mfukoni, na ndiyo nisiyomshauri mtu. Miezi 12 ya protini za machozi, vumbi na poda kwenye plastiki moja ni mingi, na nyingi ya lenzi hizo zimetengenezwa kwa malighafi ya zamani isiyopitisha hewa ya kutosha. Zipo lenzi za rangi za silikoni haidrojeli, kwa mfano Air Optix Colors, zinazopitisha hewa zaidi. Kwa anayevaa mara kwa mara, hizo zina thamani ya bei yake.

"Mwezi" maana yake ni siku 30 tangu ulipofungua kifuniko, hata kama umevaa mara mbili tu. Ukifungua tarehe 1 Machi, tarehe 31 ni za kutupa. Watu wengi huhesabu siku walizovaa, wakajikuta na lenzi ya "mwezi" ina umri wa miezi minane.

Kwa sherehe moja, tafuta za siku. Unavaa, usiku unazitupa, hununui dawa ya kusafishia wala kikopo cha kulazia lenzi. Ukizipata, ndiyo nafuu ya kweli.

8. Navaa miwani ya namba. Nichukue lenzi yenye namba ileile?

Si lazima iwe ileile. Miwani hukaa mbali kidogo na jicho, lenzi iko juu yake, na tofauti hiyo inaanza kuhesabika namba ikivuka 4.00, iwe ya kutoa au ya kujumlisha. Aliye na 6.00 ya kutoa kwenye miwani kwa kawaida hupewa lenzi ya chini kidogo. Mwenye astigmatizimu, yaani konea isiyopinda sawasawa pande zote, anahitaji lenzi maalumu isiyozunguka, na kwenye rangi uchaguzi wake ni mdogo. Namba ya miwani pia haina BC wala DIA, kwa hiyo karatasi yako ya miwani haitoshi.

9. Nitatambuaje za bandia, na nani anazisimamia?

Pakiti halisi imefungwa bila tundu, lenzi imezama kwenye maji safi, ina LOT, EXP na jina la mtengenezaji lililochapwa, siyo kubandikwa juu. Nchini Tanzania vifaa tiba viko chini ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyokuwa ikiitwa TFDA mpaka mwaka 2019. Kenya viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Unaweza kuwauliza.

Kipimo changu cha haraka zaidi ni muuzaji mwenyewe. Kama hakuulizi lolote kuhusu macho yako, hauzi dawa ya kusafishia na hajui BC ni nini, basi hata lenzi yake ikiwa halisi, wewe uko peke yako.

## Kuvaa, kuvua, kulala

10. Ninaivaaje bila kulia nusu saa?

Nawa kwa sabuni isiyo na mafuta, suuza, kausha kwa kitambaa kisichoacha manyoya. Mikono mikavu ni siri ambayo wengi hawaijui: kidole kikiwa na unyevu lenzi inang'ang'ania kidole badala ya jicho. Anza na jicho la kulia kila siku ili usichanganye. Iweke lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada, shusha ukope wa chini kwa kidole cha kati cha mkono huohuo, na kwa mkono wa pili shika ukope wa juu karibu kabisa na mzizi wa kope. Tazama juu, gusisha, tazama chini polepole, kisha achia. Ukope wa juu ukikuponyoka utapepesa, na lenzi itakwenda shavuni.

Kuvua: tazama juu, iburute lenzi chini mpaka kwenye nyeupe ya jicho, kisha ibane kwa nyama ya vidole viwili. Kucha ndefu za kubandika ni tatizo la kweli hapa, na sina dawa yake zaidi ya kumwomba mtu mwenye kucha fupi, mikono ikiwa imenawa.

11. Najuaje haijageuka ndani nje?

Itazame kwa pembeni. Iliyo sawa ni kama bakuli, kingo zimesimama. Iliyogeuka ni kama sahani ya supu, kingo zimelala nje. Ukiivaa imegeuka hutapofuka, ila itakukereketa na kuteleza. Itoe, isuuze kwa dawa, igeuze.

12. Nivae saa ngapi kwa siku?

Siku ya kwanza muda wa saa nne, ukizidisha kidogo kidogo. Kwa lenzi za rangi mimi huwaambia watu wasizidishe jumla ya saa nane kwa siku. Hewa ikipungua jicho hukuambia: weupe unaanza kuiva kuzunguka rangi, na taa zinapata ukungu. Vua hapo hapo, hata kama keki haijakatwa.

13. Nikisinzia nazo kidogo tu?

Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi ya konea mara 6 hadi 8. Kusinzia kwenye basi la Dodoma ni kulala. Ukiamka zimekauka, usizing'oe: weka matone ya kulainisha yanayoruhusiwa kwa lenzi, pepesa, subiri dakika kadhaa mpaka zitembee, ndipo uvue.

## Maji

Ningeambiwa nibakize sehemu moja tu ya ukurasa huu, ningebakiza hii.

14. Dawa imeisha. Naweza kutumia maji ya chupa, au ya kuchemsha?

Hapana. Tatizo limeanzia kwenye jina. Wateja wengi huiita dawa ya lenzi "maji ya lenzi", na ukishaita kitu maji, siku kimeisha unatafuta maji mengine. Ile chupa si maji. Ina kemikali ya kuua vijidudu, chumvi iliyopimwa ilingane na machozi, na kilainishi.

Maji ya bomba, ya kisima, ya bahari na ya bwawa yanaweza kuwa na amiba aitwaye Acanthamoeba. Ukiyanywa au kuyaoga kwa kawaida hakudhuru. Akinaswa kati ya lenzi na konea iliyokwaruzika, anaila konea, kwa maumivu yanayozidi kile daktari anachokiona kwa macho. Akibanwa hujifunga ndani ya ganda gumu ambalo klorini ya kawaida haimfikii, na matibabu yake ni ya miezi, si ya siku. Maji ya chupa ni safi kwa kunywa, lakini hayajaondolewa vijidudu vyote. Ya kuchemsha huchafuka tena kwenye jagi, na kwa kuwa hayana chumvi, lenzi huvimba na kulibana jicho.

Wengine hutumia maji ya dripu. Hayo, yakiwa mapya, yanasuuza lakini hayaui chochote. Ukilaza lenzi humo unazilaza na wadudu wake. Na kuna wa kuitia mdomoni ikidondoka. Mdomo una bakteria wengi ajabu, hata wa mtu aliyepiga mswaki.

Dawa imeisha? Vua lenzi, zitupe. Ununue nyingine kesho.

15. Nasafishaje vizuri?

Weka lenzi kiganjani, matone ya dawa, sugua kwa kidole sekunde kadhaa kila upande hata kama chupa imeandikwa haina haja ya kusugua, suuza kwa dawa, laza ndani ya dawa mpya. Usiongezee juu ya ile ya jana, ni sawa na kuongeza maji kwenye beseni la kufulia. Kikopo kisuuze kwa dawa, si kwa bomba, kikauke kikiwa kimefunikizwa kwenye karatasi safi, na kila miezi mitatu kitupe.

Dawa ya peroksidi, yenye kikopo chake maalumu, husafisha vizuri sana, lakini lazima ilale humo si chini ya saa sita igeuke kuwa salama. Ukiimimina moja kwa moja jichoni utajuta kwa sauti. Kama nyumba ina watu wengi wanaoazimana chupa, usiilete.

16. Natawadha mara tano kwa siku. Ni lazima nivue? Na udhu unasihi?

Katika udhu, ndani ya jicho si sehemu inayopasa kuoshwa, kwa hiyo lenzi haizuii maji kufika panapotakiwa. Wala sitaki uzivue mara tano. Kila kuvua ni vidole jichoni tena. Unapoosha uso fumba macho kabisa, pangusa kwa kitambaa safi kuanzia kwenye kope kwenda nje, ndipo ufumbue. Maji yakiingia na jicho likachoma, vua, safisha kwa dawa. Mwenye lenzi za siku azitupe.

Kwa mwenye shughuli ndogo ya jioni, njia rahisi kuliko zote ni kutawadha kwanza, kisha ukavaa.

17. Kuoga na kuogelea?

Kuoga, vua kwanza. Kuogelea, iwe Coco Beach, Nungwi au bwawa la hoteli, vua kwanza. Miwani ya kuogelea inapunguza maji, haiyazuii.

## Vipodozi na harusi

18. Kipi kwanza, lenzi au vipodozi?

Lenzi kwanza, mikono ikiwa haijagusa mafuta wala poda. Usiku lenzi hutoka kwanza, kisha ndipo unapofuta uso. Spreyi ya nywele ipulizwe kabla hujavaa, au fumba macho mpaka iishe hewani.

Wanja uishie nje ya kope, usipakwe kwenye ule mstari wenye unyevu wa ndani. Vumbi lake huingia chini ya lenzi na kukwaruza. Na kuhusu wanja wa manga wa unga: baadhi yake una risasi ndani yake, lenzi au bila lenzi. Pambo la kumetameta karibu na jicho lenye lenzi sishauri kabisa.

19. Harusi ni wiki ijayo, nianze lini?

Jana. Ukinunua leo, vaa kila siku saa chache nyumbani ili siku yenyewe jicho liwe limezoea na wewe umejua kuvua. Bibi harusi anayevaa mara ya kwanza saa mbili asubuhi akiwa na mpambaji, mpiga picha na shangazi watatu chumbani hulia, na vipodozi vyote vinaanza upya.

Hina na piko vikauke na vioshwe siku moja au mbili kabla, maana piko bichi kwenye ncha ya kidole likifika jichoni huunguza. Siku yenyewe mkabidhi mtu mmoja kikopo, dawa na miwani yako ya kawaida. Akae karibu. Kulia ruhusa, machozi ni yako, hayaidhuru lenzi.

20. Dada yangu ana pea nzuri, naweza kuiazima? Ameiosha.

Hapana, hata kwa dakika tano za picha. BC yake si yako, na vijidudu vya jichoni mwake si vyako. Hili linahusu pia saluni zenye pea moja ya kuwajaribishia wateja wote. Rafiki akikubembeleza, mwambie mpima macho amekukataza. Lawama hizo nimezoea kuzibeba.

## Mambo yakiharibika

21. Lenzi imepotea nyuma ya jicho!

Haiwezi kwenda nyuma. Ngozi laini ya ndani ya ukope imejikunja na kuungana na weupe wa jicho, imefunga njia. Lenzi imekunjamana chini ya ukope, mara nyingi wa juu. Weka matone ya kulainisha, tazama chini, kanda ukope taratibu kuelekea puani, pepesa. Ukijaribu mara kadhaa bila kuiona, huenda ilishadondoka na unachokihisi ni mkwaruzo. Njoo tuitafute kwa darubini.

Vivyo hivyo lile la kwamba lenzi huyeyuka na kugandamana na jicho ukikaa karibu na jiko: uongo. Moshi wa kuni na mkaa utakuwasha, na jiko hulikausha jicho, lakini joto la kuyeyusha lenzi lingekuwa limekuunguza uso kwanza.

22. Jicho limekuwa jekundu na linauma. Niweke dawa gani?

Kwanza vua lenzi zote mbili. Usizirudishe, hata jicho likitulia jioni. Usizitupe pia: ziweke na kikopo chake, hospitali inaweza kutaka kuzipima.

Kukereketa kidogo kunakoisha ndani ya saa moja baada ya kuvua si jambo la kutisha. Lakini maumivu yanayozidi baada ya kuvua, mwanga kuumiza, kuona ukungu, tongotongo zito au doa jeupe juu ya rangi ya jicho, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Bakteria aitwaye Pseudomonas, anayependa lenzi na vikopo vichafu, anaweza kutoboa konea ndani ya siku moja au mbili. Huwezi kumsubiri Jumatatu.

Usinunue matone dukani kwa kumwonyesha muuzaji jicho. Baadhi ya yanayouzwa kwa "macho mekundu" yamechanganywa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe: wekundu unapungua, unafurahi, na kidonda kinaendelea kuchimba chini kwa chini. Maziwa ya mama, chai ya rangi, asali na mkojo pia viache. Nenda penye kitengo cha macho: CCBRT au Muhimbili kwa Dar es Salaam, KCMC kwa Moshi, Mnazi Mmoja kwa Unguja, Kikuyu kwa walio karibu na Nairobi. Neno la kwanza useme, "Navaa lenzi." Linabadilisha namna daktari anavyolitazama jicho lako.

23. Ukizuka ugonjwa wa macho mekundu mtaani, niendelee kuvaa?

Usivae. Mwanzoni mwa 2024 ulipoenea Dar es Salaam na Mombasa, niliowaona wakiteseka zaidi ni waliovaa lenzi juu ya jicho lililokuwa linaanza kuwasha. Ukishapona kabisa, anza na pea mpya na kikopo kipya.

## Maswali ya pembeni

24. Naweza kuendesha gari usiku?

Sipendekezi. Gizani mboni hupanuka na inaweza kuzidi lile tundu lisilo na rangi, ukawa unatazama kupitia rangi. Kila ukipepesa lenzi inasogea, na taa za gari linalokuja zinatawanyika. Abiria wa bodaboda avae kofia yenye kioo, au miwani, kwa ajili ya vumbi.

25. Picha ya pasipoti, na uwanja wa ndege?

Piga picha kwa macho yako mwenyewe. Kwa wanaokwenda Dubai kuna la zaidi: Falme za Kiarabu zimekuwa zikitumia mashine za kusoma duara la rangi la jicho mipakani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mashine husoma michirizi yako ya asili, na lenzi iliyochapwa michirizi mingine inaivuruga. Vua kabla ya kutua, uweke kikopo na dawa kwenye begi la mkononi, chupa isizidi mililita 100.

26. Matone ya lenzi yanabatilisha saumu?

Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, wanja na dawa ya jichoni havibatilishi. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake, au aweke matone baada ya futari. Upande wangu ninachoweza kusema ni kwamba mfungaji macho humkauka zaidi alasiri, kwa hiyo apunguze saa.

27. Nina kovu jeupe jichoni. Lenzi ya rangi inaweza kulificha?

Inaweza, na kwa wengine ndiyo matumizi bora kuliko yote. Lenzi hizo hutengenezwa kwa kulinganisha na jicho zima, nyingine zikiwa na mboni nyeusi iliyochorwa kama jicho hilo halioni. Za dukani rangi yake haitafanana na jicho la pili. Konea yenye kovu ni dhaifu, kwa hiyo lazima daktari aitazame kwanza na aendelee kuitazama.

Watu wenye ualbino huuliza pia, kwa sababu mwanga huwaumiza: duara la rangi la jicho lao halina rangi ya kutosha kuuzuia. Lenzi zenye pete isiyopitisha mwanga zinaweza kupunguza mng'ao, ila ni zile zilizotengenezwa kwa kazi hiyo na kuwekwa namba yao. Uoni wao hafifu hautokani na mwanga peke yake, hivyo asiahidiwe mtu kwamba ataona ubaoni kama wengine. Kofia pana na miwani ya jua vitangulie. Mtoto wa shule apimwe namba mapema, na akae dawati la mbele, mbali na dirisha lenye jua.